Kilichojificha Nyuma ya Picha: Sitara ya Nyumba Zetu Katika Zama za Simu



Wasomaji wetu wapenzi, makala haya yanaanza kwa kuomba radhi. Baada ya Idd iliyopita tuliwaomba wazazi watutumie picha za watoto wao wakiwa katika nguo za sikukuu, tuzichape katika ukurasa wa watoto. Na kwa kuwa picha zinazopita WhatsApp kwa njia ya kawaida hufifia na kuharibika zikifika kwa mpigachapa, tuliandika kwa herufi nzito kwamba kila picha itumwe kwa barua pepe, au itumwe kama hati, isipunguzwe ukubwa. Mkaitikia, Mola awalipe kheri. Wavulana katika kanzu zilizopigwa pasi, wasichana waliopakwa hina hadi vidoleni. Zikatujia picha tele kushinda kurasa tulizo nazo.

Siku chache baadaye akatupigia simu mama mmoja, msomaji wetu wa miaka mingi.

"Wanangu," alisema baada ya salamu, "ile picha ya mjukuu wangu mumeiona?"

Tukamjibu kuwa tumeiona, na mashaallah imependeza.

"Na nyumba yangu mumeiona?"

Hatukumfahamu. Picha ile ilipigwa mbele ya ukuta mweupe. Hapakuonekana mlango, wala dirisha, wala mti. Ndipo alipotueleza kwamba mtoto wa dada yake, anayesomea mambo ya kompyuta, aliifungua picha ileile, akabonyeza mahali pawili patatu, na ramani ikatokea kwenye skrini. Ramani ilikuwa na kialama chekundu, na kialama kilisimama juu ya paa la nyumba yake.

"Mimi sina ugomvi nanyi," alisema. "Nauliza tu. Picha hii mumewapa nani?"

Hatukuwa tumempa mtu, au ndivyo tulivyodhani. Tulipoanza kuhesabu tukaona kwamba picha zilikuwa katika kompyuta ya ofisi, katika sanduku la barua pepe linalofunguliwa na watu zaidi ya mmoja, na katika flashi tuliyompelekea mpigachapa. Jioni ile tulizifungua picha zile moja baada ya nyingine. Baadhi yake zilikuwa kimya. Lakini nyingi zilitueleza mtoto alikuwa wapi, siku gani, saa ngapi na dakika ngapi. Kwa watoto wengine tulijua nyumba ya mama, na nyumba ya bibi walikokwenda kula pilau mchana wa Idd. Hakuna hata mzazi mmoja aliyekuwa ametuambia anakoishi, na hakuna tuliyemuuliza.

Tumeona ni wajibu wetu kulieleza jambo hili, kwa kuwa sisi ndio tulioomba.

Barua ndani ya picha

Simu inapopiga picha huhifadhi vitu viwili katika faili moja. Cha kwanza ni picha yenyewe, ile tunayoiona. Cha pili ni maelezo yaliyoandikwa kwa maneno na tarakimu, ambayo jicho halioni mpaka yaulizwe. Wataalamu huyaita metadata, yaani taarifa juu ya taarifa. Nasi katika makala haya tutayaita taarifa fiche. Namna ya kuyaandika maelezo hayo ndani ya picha ina kanuni yake, ijulikanayo kwa jina la Eksifu, iliyotolewa na chama cha watengenezaji wa vifaa vya elektroniki cha Japani mwaka 1995.

Hapakuwa na nia mbaya. Enzi za filamu, mpigapicha mwenye bidii alikuwa na kijidaftari chake ambamo aliandika: picha ya kwanza, mwanga kiasi hiki, kasi kiasi hiki. Kamera za dijitali zikamwondolea taabu hiyo zikawa zinajiandikia zenyewe. Hadi leo utakuta humo aina ya kamera, tarehe na saa, kama taa ya kamera iliwaka au haikuwaka, na simu ilishikwa wima au ubavu. Baadhi ya kamera huandika hata nambari yake ya kiwandani, kiasi kwamba picha mbili zilizotumwa kwa majina mawili tofauti zaweza kujulikana kuwa zimetoka kwenye mkono mmoja.

Yote hayo yangekuwa mambo ya mafundi, lau si simu kutiwa kipokezi cha GPS. Kwa kusikiliza setelaiti, simu hujua ilipo, na kamera ikiruhusiwa hupaandika mahali hapo ndani ya kila picha kwa latitudo na longitudo. Mombasa yetu iko nyuzi 4 na kitu kusini mwa ikweta, na nyuzi 39 na kitu mashariki. Nyuzi peke yake hazimwonyeshi mtu mlango. Kinachouonyesha ni hicho "kitu", zile tarakimu zinazofuata nukta. Tarakimu ya 4 baada ya nukta ni kama mita 11 juu ya ardhi, na simu haziishii hapo katika kuandika. Penye uwazi wa mbingu kosa la simu ni la mita chache tu. Kwa mji kama Mji wa Kale, ambako nyumba zimebanana na vichochoro ni vyembamba, mita chache zaweza kumpeleka mtu kwa jirani; lakini akishafika kwa jirani, ameshafika.

Na tusiipuuze saa. Watu husikia habari ya mahali wakashtuka, ilhali saa ndiyo inayosema zaidi. Picha moja hueleza kwamba ulikuwa hapa. Picha 20 za miezi mitatu hueleza lini unakuwepo na lini huwepo, watoto hurudi chuoni saa ngapi, na siku gani nyumba hubaki na mama peke yake.

Hapa ndipo tulipokumbuka jambo ambalo wengi wetu tulilisoma tukiwa wadogo madrasani. Katika Surat An-Nur waumini wameamrishwa wasiingie nyumba zisizo zao mpaka waombe idhini na wawatolee salamu wenyewe. Na katika sura hiyohiyo zimetajwa nyakati 3 ambazo hata watoto wa nyumbani wasiobaleghe huamrishwa kubisha hodi: kabla ya sala ya alfajiri, wakati wa kupumzika mchana, na baada ya sala ya isha. Tazameni jinsi faragha ilivyopimwa hapo kwa mlango na kwa saa pia. Maalim wetu akitufunza kwamba hodi imewekwa kwa sababu ya jicho. Mtu akishachungulia ndani, idhini yake imebaki na faida gani?

Wazee waliojenga nyumba za mawe za Lamu walilielewa jambo hili kwa chokaa na matumbawe. Mgeni hukaa darakani, mbele ya mlango, na ukifunguliwa mlango huo njia haikunyooki moja kwa moja. Hupinda, ili mpita njia asione kiwanda na waliomo. Walijenga kona kwa ajili ya jicho tu. Sasa twaishi katika nyumba ambazo mlango umefungwa, pazia limeshushwa, na mwana wa nyumba ametuma nje ramani ya kuingilia bila ya kujua.

Waliopatikana kwa picha

Kuna watakaosema kwamba haya ni mambo ya kutiana hofu. Tutataja visa vichache vilivyo wazi kwa walimwengu.

John McAfee alikuwa tajiri aliyejipatia jina kwa programu ya kukinga kompyuta dhidi ya virusi. Mwaka 2012 aliishi Belize, huko Amerika ya Kati, na polisi walipotaka kumhoji juu ya kifo cha jirani yake aliuawa kwa risasi, alitoroka. Kwa majuma kadhaa hakuna aliyejua alipo. Akafuatana na waandishi wa jarida la Vice, na tarehe 3 Desemba jarida hilo likachapisha kwenye mtandao picha yake akiwa na mmoja wao, kwa majigambo makubwa kwamba wao wako naye. Picha ilipigwa kwa simu ya iPhone, na hakuna aliyekumbuka kuifuta taarifa zake fiche. Wasomaji wakazifungua: Río Dulce, nchini Guatemala. McAfee alijaribu kwanza kudai kwamba aliweka tarakimu za uongo kwa makusudi, kisha akakiri. Tarehe 5 Desemba alikamatwa kwa kuingia nchini humo kinyume cha sheria. Mtu ambaye riziki yake ilikuwa kulinda kompyuta za watu! Basi mama wa nyumbani ambaye simu amenunuliwa na mwanawe, alaumiwe kwa lipi?

Kisa cha pili ni cha vita. Jeshi la Marekani lenyewe lilisimulia mwaka 2012 kwamba miaka mitano kabla, huko Iraq, zilipowasili helikopta mpya za aina ya Apache katika kambi moja, askari walizipiga picha wakaziweka kwenye mtandao. Wapinzani wao wakasoma humo mahali hasa helikopta ziliposimama ndani ya kambi, wakazishambulia kwa mizinga, na 4 zikateketea.

Cha tatu ni cha paka, nacho huenda ndicho kinachotuhusu zaidi. Mwaka 2014 Owen Mundy, msanii na mwalimu wa Chuo Kikuu cha Florida State, alikusanya picha milioni 1 za paka ambazo watu duniani kote walikuwa wameziweka hadharani mtandaoni, akaziweka juu ya ramani kwa kufuata taarifa zake fiche. Aliipa kazi hiyo jina lenye maana kwamba anajua paka wako anapoishi. Na paka anapoishi ndipo anapoishi anayempa samaki. Wenye picha zile hawakuwa wakimbizi wala askari, bali watu wa nyumbani, waliofurahishwa na paka aliyelala juu ya kochi.

Kisa cha mwisho twakitaja kwa haya, lakini kina mama na mabanati wanahitaji kukijua. Ndani ya faili ya picha mara nyingi huwamo kijipicha kidogo, nakala ndogo iliyowekwa ili orodha ya picha ifunguke haraka. Mwaka 2003 mtangazaji mmoja wa televisheni nchini Marekani alizikata baadhi ya picha zake mwenyewe, akabakisha sehemu aliyoridhika ionekane na watu, akaziweka mtandaoni. Programu aliyotumia ilikata picha kubwa, lakini kijipicha cha ndani kikabaki kama kilivyokuwa kabla ya kukatwa. Watu wakakitoa. Na msidhani ni hadithi ya zamani iliyokwisha: mwaka 2023 iligundulika kwamba kifaa cha kukatia picha katika simu za Google Pixel kilikuwa kikiacha ndani ya faili mabaki ya kile mtumiaji alichodhani amekikata, na mengi yaliweza kurudishwa. Kampuni ilirekebisha, ila picha zilizokwisha kutumwa zilibaki zilivyo. Kwa hiyo dada aliyepiga picha na wenziwe bila ya mtandio, kisha akakata akabakisha zawadi iliyo mezani, asitosheke kwa kuona kwamba kwenye skrini imebaki zawadi peke yake.

Njia zipi husitiri na zipi huanika

Hapa ndipo penye makosa mengi, na kosa letu sisi lilikuwa hapahapa.

Picha inayotumwa kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida hupunguzwa ukubwa na programu hiyo, na katika kupunguzwa huko taarifa za mahali huondoka. Lakini picha hiyohiyo ikitumwa kama hati, huenda nzima kama ilivyo, pamoja na barua yake ya ndani. Vivyo hivyo barua pepe: picha ikiambatishwa kwa ukubwa wake wa asili, hufika na kila kitu. Bluetooth, flashi, waya wa kompyuta, hifadhi za mtandaoni kama Google Drive, zote hupeleka faili ilivyo. Ama Facebook na Instagram, aghalabu huziondoa taarifa hizo katika nakala wanayoiona watazamaji. Lakini kampuni yenyewe imeshapokea picha ikiwa kamili kabla ya kuisafisha. Kumficha jirani si sawa na kumficha mwenye duka.

Jambo hili lina hatari yake ya pekee kwa akina mama wanaofanya biashara nyumbani. Tunao wengi katika mitaa yetu wanaouza madera, mabuibui, udi na mahamri kwa simu. Mteja asiyemjua husema, "Dada, nitumie picha iliyo wazi zaidi, nitumie kama hati nione darizi." Hilo ni ombi la kawaida, na wengi wanaoliomba hawana nia mbaya. Lakini anayetumiwa amepewa na nyumba. Tumfikirie pia mwanamke aliyeondoka katika nyumba ya mateso, akahifadhiwa na shangazi yake mji mwingine, na watu wote wakaficha alipo. Picha moja ya mtoto, iliyotumwa kwa nia njema ili baba yake amwone, yatosha kuivunja siri ambayo ukoo mzima umeitunza.

Kuzuia, kisha kusafisha

Hatua ya kwanza ni kuizuia kamera isiandike tena mahali. Katika simu nyingi za Android, fungueni kamera, mguse kialama cha mipangilio, ambacho mara nyingi huwa na umbo la gurudumu lenye meno, mtafute mstari unaohusu kuhifadhi mahali ilipopigwa picha, mkauzime. Katika iPhone mlango ni mwingine: huingiwa katika mipangilio ya simu, penye faragha, kisha huduma za mahali, kisha kamera, na huko huchaguliwa kwamba kamera isiruhusiwe kamwe. Ramani zenu za kuitia teksi au tuktuk zitaendelea kufanya kazi. Kilichozuiwa ni kamera peke yake. Kazi yote haizidi dakika mbili, na kwa aliye na watoto wenye simu, azizime zao kwanza.

Lakini kuzima leo hakusafishi za jana. Picha zilizomo tayari zimebeba zilichobeba, nazo zina njia zake.

Iliyo nyepesi kuliko zote ni kuipiga picha ya skrini. Fungueni picha ijae kioo, mpige picha ya skrini, mtume ile mpya. Hiyo haina taarifa za kamera wala mahali ilipopigwa ya kwanza. Ubaya wake ni kwamba hupungua ubora. Mwenye iPhone akitaka kutuma anaweza kubonyeza maneno ya machaguo yaliyo juu ya ukurasa wa kutumia, akaondoa mahali kabla ya kutuma. Katika simu nyingi za Samsung, ukiitazama picha na kuvuta maelezo yake juu, utaona ramani ndogo pamoja na nafasi ya kuhariri, ambapo mahali huweza kufutwa. Anayetumia kompyuta ya Windows abonyeze picha kwa kitufe cha kulia, afungue sifa zake, aende kwenye maelezo. Chini kabisa kuna mstari wa kuondoa sifa na taarifa za binafsi, na mashine itampa chaguo la kutengeneza nakala iliyo safi.

Kwa wenye picha nyingi, kama sisi, ipo programu ya bure iitwayo ExifTool, iliyotengenezwa na Phil Harvey na inayopatikana tangu 2003. Haina sura ya kupendeza. Huandikiwa amri kwa maneno. Amri ya exiftool -all= ikifuatwa na jina la picha hufuta taarifa zake. Tuliitumia, tukaangukia mitego miwili ambayo ni vyema tuwaambie. Wa kwanza, programu hiyo kwa tahadhari yake huibakiza picha ya asili kando ya ile iliyosafishwa, kwa jina linalokaribiana. Mtu mwenye haraka aweza kutuma ile chafu akidhani ni safi. Wa pili ulituchekesha: katika taarifa zilizofutwa huwamo ile isemayo kama simu ilishikwa wima au ubavu, na ikishaondoka, baadhi ya picha hulala. Mchana mzima tulikuwa na watoto wa Idd waliolala ubavu.

Neno moja la tahadhari kwa upande wa pili. Msizifute taarifa katika nakala zenu za nyumbani pasi na kufikiri. Tarehe iliyomo ndani ya picha ni hazina. Yuko kwetu ofisini aliyefiwa na baba yake, na picha ya mwisho waliyopiga pamoja ina siku na saa yake. Hayuko tayari kuipoteza, nasi hatumlaumu. Hifadhini ya asili nyumbani, itokayo nje iwe nakala iliyosafishwa. Aidha, video nazo hubeba mahali kama picha, na hati za kompyuta aghalabu hubeba jina la mwandishi wake.

Isitoshe, kusafisha taarifa fiche hakusafishi zilizo dhahiri. Sare ya shule husema mtoto yuko wapi kuanzia asubuhi hadi alasiri. Nambari ya gari, bango la duka lililo nyuma, mnara wa msikiti unaoonekana dirishani. Mwenye kuujua mji hahitaji setelaiti. Kabla ya kutuma, tazameni nyuma ya mtoto kabla ya kumtazama mtoto.

Picha ya mtoto ni ya nani?

Sheria ya nchi imelisemea jambo hili. Kifungu cha 31 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya faragha, na Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inataka mzazi au mlezi akubali kwanza kabla ya taarifa za mtoto kutumiwa. Si maneno ya karatasini pekee. Mnamo Septemba 2023 Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data iliitoza shule moja faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za wanafunzi wadogo bila ya idhini ya wazazi wao. Tunawanasihi ndugu zetu wasimamizi wa madrasa, wanaopenda kuweka picha za mitihani na Maulidi mtandaoni ili wafadhili wazione, waitazame faini hiyo vizuri.

Harusi za kina mama tumezilinda kwa muda mrefu kwa desturi. Katika nyingi simu haziruhusiwi kutolewa, na kwa baadhi hukusanywa mlangoni. Wengi wetu twaikubali taabu hiyo kwa sababu twajua thamani ya kilicho ndani. Twajiuliza kwa nini uangalifu huo twauacha hapohapo mlangoni pamoja na viatu, kisha tukifika nyumbani twatuma picha ya mtoto akioga kwenye beseni kwa kikundi chenye watu 200, nusu yao hatuwajui kwa sura. Mtoto hana wa kumbishia hodi isipokuwa mzazi wake. Kuna siku atakuwa kijana mwenye kuona haya, na picha itakuwa ingalipo.

Kwa upande wetu, tumefanya yafuatayo. Picha zote za Idd zilizotufikia tumezisafisha, na nakala za asili tumezifuta katika kompyuta na katika barua pepe. Tulikwenda kuichukua flashi kwa mpigachapa. Alitupa kwa uso mkunjufu, kisha akatuambia kwamba picha alikuwa ameshazihamishia kwenye mashine yake ili kazi iende upesi, na kwamba ndivyo afanyavyo kwa wateja wote. Tukaomba kiti tukakaa mpaka alipozifuta mbele yetu. Pia tuligundua kwamba mwenzetu mmoja alikuwa amezituma kwa mkewe nyumbani amsaidie kuchagua, nako zimefutwa. Hatuwezi kuapa kwamba hakuna nakala iliyosalia mahali tusipopajua, na ndiyo sababu ya kuomba radhi badala ya kutoa taarifa tu.

Kuanzia toleo hili, picha tuleteeni kwa WhatsApp ya kawaida, si kama hati. Zikififia kidogo, na zififie. Anayetaka yake iwe angavu, aizime kwanza kamera yake kwa njia tuliyoeleza, apige upya, kisha atume kwa barua pepe. Jina la mtoto tutachapa la kwanza pekee, na mtaa hatutauandika tena. Na mzazi anayetaka picha iliyokwisha kutufikia iondolewe, atupigie kabla ya Jumatano, hatutamuuliza sababu.

Yule mama alitupigia tena juzi. Ametutumia picha mpya, na safari hii mtoto amempakata paka. Tuliifungua kwanza tukaikagua; haikuwa na tarakimu hata moja. Imo katika ukurasa wa watoto, na ukuta wake ni uleule mweupe.